MTOTO ASIYENGOJA MKUNGA

Somo la familia

Masomo: Kutoka 1:15–21, Isaya 66:7–9, Luka 10:25–37

Kusudi la somo: Kuzisaidia familia zetu kujiandaa kwa mtoto anayekuja upesi, na kutukumbusha kwamba jirani aliye karibu ni mkono wa Mungu, hata kama si mtu wa lugha yetu.



Katika miezi michache iliyopita watoto wawili wa ushirika wetu wamezaliwa kabla mama zao hawajafika kituo cha afya. Mmoja alizaliwa njiani, mwingine sakafuni nyumbani. Tunamshukuru Mungu, wote ni wazima. Lakini baada ya kushukuru tumesikia pia maneno. Wako waliosema kwamba mama fulani alikunywa dawa. Wako waliosema kwamba kuzaa upesi ni dalili ya utakatifu, na kwamba yule anayekaa na uchungu siku nzima ana dhambi ambayo hajaiungama. Kwa sababu ya maneno hayo tumeona vema tujifunze pamoja.

1. JAMBO HILI SI GENI

Watu wa nchi tulizotoka wanajua tangu zamani kwamba mtoto hana saa. Kwa Wabukusu mtoto aliyezaliwa njiani huitwa Wangila, na msichana Nangila. Wajaluo humwita Oyoo. Wakikuyu wana jina la Wanjira, yaani wa njia. Kama watu wana jina la jambo fulani, basi jambo hilo limetokea mara nyingi, tena bila aibu.

Wauguzi nao wanatufundisha kwamba kuna uchungu wa haraka, ambao tangu unapoanza hadi mtoto kutoka hauzidi saa tatu. Huwapata zaidi akina mama waliokwisha kuzaa, na aliyewahi kuzaa upesi anaweza kuzaa upesi tena. Basi kuzaa haraka si cheo cha kiroho wala si kosa. Raheli alikuwa mke aliyependwa, naye alipata uchungu mkali njiani kwenda Efrathi hata akafa (Mwanzo 35:16–20). Mke wa Finehasi alishikwa na uchungu ghafla aliposikia habari mbaya za vita na msiba (1 Samweli 4:19–22). Biblia haisemi popote kwamba urefu wa uchungu ni kipimo cha dhambi. Ndugu, yeyote anayemsimamia mama mwenye uchungu akimtaka aungame badala ya kumtafutia msaada, anahatarisha maisha mawili.

2. YALIYOTUPATA BUSIA

Wengi wetu tunakumbuka. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na baada ya matokeo kutangazwa nchi ikawaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Maelfu yetu tulivukia Uganda kupitia Busia na Malaba, wengine na godoro, wengine na nguo za mwilini tu. Tulilala mashuleni na makanisani karibu na mpaka, kisha tukapelekwa Mulanda katika wilaya ya Tororo. Baadaye katika mwaka huo wa 2008 wengi tukaletwa hapa Kiryandongo.

Sisi tulivuka Busia siku za kwanza za Januari 2008. Mama watoto wetu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mtoto wa kwanza alikuwa ametuchukua usiku mzima na mchana wake, kwa hiyo tulijiambia kwamba hata huyu akianza, tutapata muda wa kutosha. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Hatukuwa na wembe mpya, wala kitambaa safi, wala tochi.

Tulilala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine nne. Langoni palikuwa na mama mmoja aliyeuza uji. Kila asubuhi alitusalimia, na kila asubuhi tulimpita kimya, kwa sababu alizungumza lugha ya wale tuliokuwa tumewakimbia. Tuliwaambia na watoto wasimkaribie. Tunaandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Usiku wa tatu, yapata saa sita, uchungu ukaanza. Sisi wanaume wawili tukatoka mbio kutafuta usafiri. Busia ndiko inakosimuliwa kwamba jina la bodaboda lilianzia, kutokana na baiskeli zilizokuwa zikibeba watu toka mpaka huu hadi mpaka ule. Lakini usiku ule hatukuona hata baiskeli moja. Watu walijifungia wakiogopa. Zahanati ya kwanza tuliyoifikia ilikuwa imefungwa. Tulizunguka zaidi ya saa moja.

Tuliporudi mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Yule mama wa uji alikuwa amesikia kelele, akaja na taa yake ya mafuta bila kuitwa. Alikuwa amepasua leso yake vipande viwili. Kimoja alimkaushia mtoto, na kingine alimfunika akiwa juu ya kifua cha mama yake. Kitovu hakukikata. Alisema hana wembe safi, na kwamba afadhali kisikatwe kuliko kukatwa kwa kitu kichafu. Zalio lilipotoka alilitia kwenye mfuko wa plastiki na kuliweka kando ya mtoto. Damu ilipozidi alimsugua mama tumboni kwa mkono mpaka tumbo likawa gumu, akamwambia amnyonyeshe mtoto. Kulipoanza kupambazuka alikwenda mwenyewe kumwamsha kijana wa jirani mwenye baiskeli, nasi tukaelekea hospitali. Muuguzi alipoona alisema, "Aliyewasaidia anajua kazi."

Kwa lugha yake mama yule alimwita binti yetu mtoto wa njia. Leo binti huyo amempita mama yake kimo.

3. SHIFRA NA PUA WALIKUWA KINA NANI?

Sasa tufungue Kutoka 1. Farao aliwaamuru wakunga wawili, Shifra na Pua, wawaue watoto wa kiume wa Waebrania wakati wa kuzaliwa. Wao wakamcha Mungu, wakawaacha watoto waishi. Farao alipowauliza, walimjibu kwamba wanawake wa Waebrania wana nguvu, nao huzaa kabla mkunga hajawafikia. Angalieni jibu hilo. Farao hakuona la kuwajibu, kwa maana hata jumba la kifalme linajua kwamba mtoto anaweza kumtangulia mkunga. Mungu aliuchukua upesi wa kuzaa akaufanya kuwa ngao ya watoto wake.

Jambo la pili ni hili. Maneno ya Kiebrania yanayowataja wakunga hawa yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Yanaweza kuwa na maana ya wakunga walio Waebrania, na yanaweza kuwa na maana ya wakunga waliowahudumia Waebrania. Walimu wa Maandiko wamejadili tangu zamani kama wanawake hawa walikuwa Waisraeli au Wamisri. Majina yao yanaonekana kuwa ya Kisemiti, lakini wengine huuliza Farao angewezaje kutegemea Waebrania wawaue watoto wa ndugu zao.

Sisi hatutamaliza mjadala huo hapa. Lakini tuone jinsi Biblia yenyewe ilivyoliacha jambo hilo. Kabila lao haikulisisitiza. Iliandika majina yao, huku jina la Farao ikiliacha kabisa, na ikataja sababu moja tu ya matendo yao, kwamba walimcha Mungu. Ndiyo sababu Mungu akawatendea mema na kuwajengea nyumba zao.

Yule mama wa Busia hatukumuuliza jina siku zile tatu tulipompita. Tulilijua asubuhi ile, tukiwa tumebeba mtoto aliyepokelewa na mikono yake. Bwana Yesu aliulizwa jirani ni nani, akajibu kwa habari ya Msamaria (Luka 10). Yule aliyelala njiani nusu mfu hakupewa nafasi ya kuchagua nani amfunge majeraha. Na mtoto anayekuja upesi hawapi wazazi wake nafasi ya kuchagua nani ampokee.

Hapa Kiryandongo tunaishi Wakenya, Wasudani Kusini, Wakongo na wengine, pamoja na wenyeji waliotupokea. Wako miongoni mwetu wasiosalimiana kwa sababu ya mambo yaliyotokea mbali na hapa, tena wengine kwa sababu ya mambo ya baba zao. Tunawauliza kwa upendo: mlango wa tatu kutoka kwako anakaa nani? Unajua jina lake? Saa nane za usiku utaweza kumwita?

4. AHADI KWA WALIO UHAMISHONI

Isaya 66:7–9 inazungumza na watu walioonja uhamisho, ambao mji wao ulikuwa umebomolewa. Nabii anaufananisha Sayuni na mama aliyejifungua kabla uchungu haujamfika, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Kisha Mungu anauliza kama yeye anayefikisha mimba wakati wa kuzaa ataufunga uzazi. Jibu ni hapana. Alichokianza atakimaliza.

Ahadi hiyo ni yetu pia. Lakini tusiigeuze kuwa sababu ya uvivu. Mungu aliyeahidi ndiye aliyeweka wakunga Misri. Ezekieli 16:4–6 inaeleza habari za mtoto aliyetupwa kondeni: kitovu hakikukatwa, hakuoshwa, hakusuguliwa chumvi, hakuvikwa nguo. Siku hizi chumvi haihitajiki na kuoga kunaweza kungoja, lakini huruma ya Mungu inaonekana pale pale, kwa mtu anayemkausha na kumvika mtoto. Imani na leso safi vinakwenda pamoja.

5. MAANDALIZI YA NYUMBANI

(a) Mama ahudhurie kliniki mapema. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Huko atapata chanjo ya pepopunda, atapimwa damu, na atajua kama mtoto amekaa vizuri. Akina baba, nendeni nao. Si aibu.

(b) Kuanzia mwezi wa nane kifurushi kiwe tayari, mahali ambapo hata mtoto mkubwa wa nyumba anaweza kukifikia gizani. Kama umepewa Mama Kit, usiitumie kwa kazi nyingine. Kama huna, weka karatasi safi ya plastiki, glavu, sabuni, nyembe mbili mpya ambazo hazijafunguliwa, uzi safi, leso au vitambaa vitatu vilivyofuliwa na kukauka juani, kofia ya mtoto, tochi na kadi ya kliniki.

(c) Mjue dereva wa bodaboda atakayekubali kuja usiku, na muwe na akiba kidogo ya nauli. Muwe na namba ya simu ya mhudumu wa afya wa kijiji chenu.

(d) Aliyewahi kuzaa upesi asingoje uchungu ukolee. Akihisi dalili za kwanza, au maji yakipasuka, aondoke. Anayekaa mbali aombe kukaa karibu na kituo siku za mwisho.

(e) Tusinywe mitishamba ya kuharakisha uchungu. Inaweza kupasua mfuko wa uzazi na kuua mama na mtoto.

6. MTOTO AKIJA KABLA YA MKUNGA

Mambo haya hayachukui nafasi ya kituo cha afya. Ni ya kutuvusha mpaka msaada ufike.

1) Usimwache mama peke yake. Mmoja aite msaada, mwingine abaki. Sisi tulitoka wanaume wawili, na hilo lilikuwa kosa letu la pili.

2) Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu. Tandika plastiki na kitambaa safi. Mama asijifungue akiwa amesimama, mtoto asije akaanguka. Alale kwa ubavu au apige magoti.

3) Kichwa kinapotokeza, weka kiganja taratibu kisitoke kwa nguvu. Mwambie mama ahemehe kidogo kidogo badala ya kusukuma. Usimvute mtoto. Kitovu kikiwa kimezunguka shingo na kimelegea, kipitishe polepole juu ya kichwa.

4) Mkaushe mtoto mara moja mwili mzima. Akiwa halii, msugue mgongo kwa kitambaa na umfute ute unaoonekana mdomoni. Usimning'inize miguu juu wala kumpiga. Asipovuta pumzi, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi ndogo ndogo za mashavu tu, huku msaada ukiitwa.

5) Mlaze juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, uwafunike wote wawili. Mvike kofia. Baridi huua watoto wachanga hata katika nchi ya joto. Asiogeshwe mpaka ipite siku nzima.

6) Kitovu hakina haraka. Kama kituo ni karibu, kiache hivyo hivyo. Kama ni mbali, funga uzi safi mahali pawili na ukate katikati kwa wembe mpya. Usipake majivu, udongo wala samadi. Hivyo ndivyo pepopunda inavyoingia.

7) Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kunyonya kunasaidia mfuko wa uzazi kujikaza na kupunguza damu. Mama mwenye virusi vya UKIMWI asikose kusema akifika kituoni, ili mtoto apate dawa mapema.

8) Usivute zalio. Likitoka, lipeleke kituoni likakaguliwe. Damu ikizidi, sugua tumbo chini ya kitovu cha mama mpaka liwe gumu, na mkimbize hospitali bila kungoja asubuhi. Mama anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi.

9) Kama unaona mkono, mguu au kitovu kinatangulia, au mimba haijatimiza miezi yake, hiyo ni dharura. Nendeni mara moja.

10) Hata kama wote wanaonekana wazima, waende kituoni siku ile ile. Aliyezaa upesi anaweza kuwa amechanika bila kujua, na mtoto anahitaji chanjo zake za kwanza. Katika vituo vya serikali ya Uganda ada za matibabu zilifutwa tangu 2001, basi hofu ya gharama isiwazuie.

Tena msisahau karatasi. Mtoto aliyezaliwa njiani hana daftari la wodi linalomtaja. Mwombe mhudumu wa afya aandike taarifa ya kuzaliwa, kisha mtoto aongezwe katika kumbukumbu za familia kwa ofisi ya wakimbizi, na muombe cheti chake cha kuzaliwa. Mwana wa mkimbizi naye anastahili jina lililoandikwa.

7. KAZI YA USHIRIKA WETU

Wazee wa kanisa pamoja na akina mama tumekubaliana kuomba kila kikundi cha maombi cha nyumbani kiweke kifurushi kimoja cha akiba. Anayekitumia asidaiwe, kikundi kitakijaza tena. Tumeomba pia kila kikundi kiwe na familia mbili zilizo tayari kuamshwa usiku, na kifurushi kipewe jirani yeyote mwenye uchungu, awe wa kanisa letu au la, awe wa kabila lolote. Na mama aliyejifungulia njiani akija Jumapili, tumpokee kwa shangwe. Asiulizwe maswali.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Shifra na Pua walimcha Mungu kuliko Farao. Ni amri gani za chuki ambazo tumefundishwa na wakubwa wetu, nasi tunapaswa kukataa kuzifuata?

2. Ni jirani gani tunayempita bila kumsalimu? Wiki hii nani katika nyumba yetu ataanza?

3. Kama mtoto angekuja usiku wa leo, ni kitu gani kingepungua nyumbani mwetu?

4. Akina baba: mnajua tarehe inayotarajiwa ya mke wako kujifungua?

TUOMBE

Ee Mungu wetu, wewe uliyetupokea kutoka tumboni mwa mama zetu, uwakumbuke wote wenye mimba katika kambi hii. Wabariki wakunga na wauguzi, na wale wanaoamka usiku kwa ajili ya wengine. Utusamehe kwa salamu tulizozikataa. Mbariki mama yule wa Busia, popote alipo, na umjengee nyumba yake kama ulivyowajengea Shifra na Pua. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wenu na familia yake